Kenchi ya Zamani Si Kuni

Nyumba ya zamani inapobomolewa mjini Sumbawanga, au darasa chakavu linapoezuliwa kule Mollo, kuna mpangilio unaofuatwa bila kuandikwa popote. Bati hushushwa kwanza, tena kwa uangalifu, kwa sababu bati lina bei hata likiwa na kutu. Milango na madirisha hung'olewa pamoja na fremu zake. Matofali ya kuchoma hukwanguliwa udongo na kupangwa pembeni, maana kila mtu anajua yatajenga jiko, choo au uzio. Kenchi ndiyo hubaki mwisho, na kenchi ndiyo isiyohurumiwa: hupigwa nyundo mpaka iachane, hukatwa vipande vinavyoenea mafigani, na misumari huachwa humo humo ije kuokotwa kwenye majivu. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huu una kasoro kubwa. Katika jengo la miaka 60, mbao ya paa mara nyingi ndiyo mali iliyo ngumu kuliko zote kuipata upya, na halmashauri za Rukwa, zikianza na majengo yao zenyewe, zinapaswa kuitoa, kuihesabu na kuirudisha kazini kabla mtu yeyote hajaitazama kwa jicho la kuni.

Uwanda wa Ufipa ni nchi ya nyasi. Anayetoka Tunduma kwa barabara ya lami, akaipita Laela kuelekea Sumbawanga, huona mashamba ya mahindi na maharage na malisho yanayokwenda mpaka macho yachoke, na miti mingi inayokatiza mandhari hayo ni mikaratusi na paini iliyopandwa na watu. Msitu wa asili wa maana uliobaki juu ya uwanda ni ule wa Mbizi, kwenye kingo za milima zinazotazama bonde la Ziwa Rukwa, ambamo bado wanaishi mbega wekundu. Wahunzi wa Kifipa, waliosifika kwa kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo zilizozidi kimo cha mtu, walihitaji mkaa mwingi, na baada yao yakaja mashamba, moto wa kiangazi na mifugo. Kwa hiyo tangu zamani mbao ngumu ya kujengea haikuwa ikipatikana nyuma ya nyumba. Ilitoka kwenye miombo, upande wa Mpanda na mteremko wa kuelekea Ziwa Tanganyika, ambako Mapadre Weupe walikabidhiwa ngome ya Karema mwaka 1885 na kuanzia hapo wakapanda uwandani kujenga misheni zao. Mti uliangushwa kwa shoka, ukapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mmoja shimoni, kisha mbao zikabebwa. Mtu aliyewahi kuushika msumeno wa namna hiyo anajua ubao mmoja ulimeza saa ngapi za jasho.

Mti wenyewe nao una umri wake. Mninga huchukua takriban miaka 75 hadi 100 kufikia unene unaofaa kuvunwa, na mkola nao si mti wa haraka. Maana yake ni kwamba mguu wa kenchi ya mninga uliopigiliwa katika miaka ya 1950 ulitoka kwenye mti ulioota katika karne ya 19, wakati Ufipa ingali chini ya watemi wake. Ukiuchoma leo ili kuivisha maharage ya jioni moja, wengi wetu tulio hai sasa hatutauona mti wa kuchukua nafasi yake ukikomaa. Ukilinganisha na mbao inayouzwa madukani tofauti ni kubwa. Mbao nyingi za paini zinazofika Sumbawanga husafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Mafinga na maeneo ya jirani. Katika mashamba makubwa ya serikali kama Sao Hill paini huachwa ikomae kwa miaka mingi, lakini wakulima wadogo wa Nyanda za Juu Kusini, wakibanwa na ada za shule na mahitaji ya nyumbani, huvuna mapema zaidi, na mbao changa ya namna hiyo ni laini, ina maji mengi na hupenda kujipinda. Fundi anayepaua kwa mbao mbichi hupiga mstari ulionyooka asubuhi, na baada ya kiangazi kimoja papi zimepinda na bati limeanza kuachia. Mbao iliyokaa darini miaka 60 imekwisha kupinda kadiri ya kupinda kwake. Imekauka, imetulia, na kasoro zake zote ziko wazi mbele ya macho ya mnunuzi.

Mahitaji nayo hayapungui. Mwishoni mwa mwaka 2021 nchi nzima ilijenga vyumba 15,000 vya madarasa kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, na kila chumba kilihitaji kenchi, papi, milango na madawati. Miaka mitano kabla yake, elimu bila ada ilipojaza shule za msingi, Rais Magufuli aliwapa viongozi wa mikoa hadi mwisho wa Juni 2016 wawe wamemaliza upungufu wa madawati, na kila mkoa ukageukia misitu. Sikatai kwamba watoto walihitaji kuketi. Ninachouliza ni kwa nini nyuma ya shule zile zile kulikuwa, na bado kuna, malundo ya madawati yaliyovunjika mguu mmoja au egemeo tu, yakinyeshewa mvua huku mbao zake tatu kati ya nne zikiwa nzima. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilihesabu hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania Bara, na kueleza kwamba tulikuwa tukipoteza karibu hekta 372,816 kila mwaka. Sehemu kubwa ya upotevu huo inatokana na mashamba, mkaa na kuni, na sitadai kwamba kenchi chache za Sumbawanga zitaugeuza mwelekeo wa taifa. Lakini mbao ngumu ni sura ya peke yake ndani ya hesabu hiyo: haipotei kwa hekta, hupotea kwa kuchaguliwa mti mmoja mmoja, mnene kwanza, mpaka msitu unabaki umesimama ukiwa hauna mninga.

Tuitazame mbao moja kwa karibu. Ni mguu wa kenchi, nchi mbili kwa nne, uliokaa juu ya dari tangu kabla ya Uhuru. Kwa nje ni mweusi kwa vumbi na masizi, na mtu asiyejua ataudhani umeoza. Randa ikipita mara mbili tu, hudhurungi ya mninga hutokeza na mistari yake, na harufu yake hupanda kana kwamba mti umekatwa jana. Kuzunguka kila tundu la msumari kuna pete nyeusi, kwa sababu chuma na utomvu wa mti vimekaa pamoja miongo mingi. Ncha mbili ndizo dhaifu, maana huko ndiko misumari ilikosongamana; fundi hukata nchi chache kila upande na kubaki na ubao mzima. Misumari nayo ina namna yake ya kutolewa. Haivutwi kwa kichwa kilichozama. Ncha iliyokunjwa hunyooshwa kwanza, ikagongwa kutoka nyuma, na kichwa kikichomoza ndipo nyundo ya makucha huingia, huku kipande cha ubao kimewekwa chini yake ili mbao isibonyee. Mwisho hupitishwa sumaku taratibu toka ncha hadi ncha, kwa sababu msumari mmoja uliosahauliwa unatosha kuvunja kisu cha mashine ya kuranda na kumtoa fundi jicho. Kijana aliyefundishwa vizuri atajifunza kazi hii ndani ya siku chache, na haihitaji umeme.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote hapa kwetu ni la kuni zenyewe. Ufipa ina baridi kali Juni na Julai, miti ni haba, na mama wa Mollo anayechoma kenchi ya zamani ameuokoa mti mwingine ambao ungekatwa kwa ajili ya jiko lake. Hoja hii si ya kubezwa, na wanaoishi kwenye majiko ya gesi wasiidharau. Hata hivyo inachanganya mwisho na mwanzo. Mbao iliyogeuzwa fremu ya mlango au dawati kwa miaka 30 mingine haijaondolewa jikoni milele. Siku itakapochakaa kabisa bado itawaka. Vumbi la randa, vipande vya ncha zilizooza na mabanzi yaliyopasuka, vyote hivyo vinaweza kwenda jikoni tangu siku ya kwanza, na katika paa lolote havikosekani. Mkulima wa Kifipa anaufahamu utaratibu huu vizuri kuliko mtaalamu yeyote: nyasi hazichomi, huzifukia ndani ya matuta yake ya mviringo, hupanda maharage juu yake, na msimu unaofuata huyasambaza matuta yale yakiwa mbolea ya mahindi au ulezi, kitu kimoja kikifanya kazi baada ya kazi kabla hakijaisha. Isitoshe, nchi imeshachagua kuondoka kwenye kuni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazopikia watu wengi, magereza yakiwamo, ndizo zinazotangulizwa. Majiko makubwa ya shule na magereza yakiacha kuni, mabaki ya mbao yatakosa hata hilo tumbo la kuyameza, na tutayakuta yameoza kwenye majalala.

Wengine husema mbao kuukuu ni mbao iliyooza, basi. Umri hauozeshi mbao. Kinachoiozesha ni unyevu, na kinachoila ni mchwa na bungua. Ukungu unaoozesha hauwezi kustawi katika mbao ambayo unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hivi, na paa lisilovuja huiweka mbao chini ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Ushahidi wa mbali kabisa tunao jirani. Kwenye Mto Kalambo, mpakani mwetu na Zambia, watafiti wa Vyuo Vikuu vya Liverpool na Aberystwyth walieleza mwaka 2023 katika jarida la Nature magogo mawili yaliyounganishwa kwa mchongo uliofanywa na mikono kwa zana za mawe, nayo yana umri usiopungua miaka 476,000. Ndiyo ujenzi wa mbao wa kale kuliko wote unaojulikana duniani, na ulidumu kwa sababu matope yenye maji yaliuzuilia hewa. Darini hali ni kinyume, ukavu badala ya maji, lakini kanuni ni ileile: mahali ndipo pa kuulizwa. Kwa hiyo atakayekagua paa aanzie sehemu zinazojulikana kuwa na matatizo, kwenye ncha zinazolala juu ya ukuta, chini ya mfereji uliotoboka, kuzunguka dohani. Achome kwa tindo. Ikizama kama kwenye keki, sehemu hiyo ikatwe. Agonge kwa nyundo. Mbao nzima hulia, iliyobunguliwa hutoa mlio wa debe tupu. Katika paa moja atakuta za kurudi kazini, za kukatwa fupi, na za jikoni, na hakuna sababu ya kuzihukumu zote kwa kosa la moja.

Hapa niseme wazi mpaka wa pendekezo langu. Sitaki darasa jipya liezekwe kwa kenchi ya zamani bila mhandisi kuikagua kipande kwa kipande. Matundu ya misumari hupunguza nguvu, na paa la shule si mahali pa kubahatisha. Mbao nyingi zilizookolewa zitafaa zaidi chini ya paa kuliko ndani yake: fremu, milango, meza, madawati, rafu za zahanati, vitanda vya mabweni. Hizo ndizo bidhaa ambazo leo zinatengenezwa kwa mninga mpya pale mwenye fedha anapotaka kitu cha kudumu. Kwa sababu hiyo pia hofu kwamba tutawaua wakulima wa miti haina msingi mkubwa. Paini ya Mafinga, na ile ya Shamba la Miti Mbizi hapa hapa kwetu, itaendelea kuhitajika kwenye mapaa. Mbao ya zamani inashindana na mninga wa porini, haishindani na paini ya mkulima.

Kuhusu gharama, mifano ya nje husaidia, ila isomwe kwa macho ya hapa. Mji wa Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, ulipitisha sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2016, ikiagiza nyumba za makazi zilizojengwa mwaka 1916 au kabla yake zisibomolewe kwa mitambo bali zivuliwe kwa mikono, kipande kwa kipande, ili vifaa vitumike tena. Baadaye mwaka huo ukasogezwa mpaka 1940. Malalamiko makubwa kule yalikuwa bei ya kazi ya mikono ikilinganishwa na saa chache za buldoza. Kwetu malalamiko hayo hayana mahali pa kukaa. Nyumba nyingi za Sumbawanga zinabomolewa kwa mikono tayari. Vijana wako juu ya paa tayari, nyundo wanazo, na kiangazi baada ya mavuno mikono haikosekani. Kinachobadilika ni kwamba badala ya kulipwa kwa kumaliza haraka, walipwe kwa idadi ya mbao zilizoshuka nzima. Malipo ya siku huharakisha uharibifu. Malipo kwa kipande huuzuia. Mabadiliko hayo ya mkataba hayahitaji mtambo wala mfadhili.

Lipo jambo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni udanganyifu. Biashara ya mbao ya nchi hii ina historia yake. Ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007 kuhusu kusini mwa Tanzania ilionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa kutokana na mbao yalipotea, na muhuri wa nyundo na hati ya kusafirishia mazao ya misitu vimekuwa ngao ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mtu akisimama kizuizini na lori la mninga usio na muhuri akisema umetoka kwenye paa la marehemu babu yake, ofisa atafanyaje? Akiruhusu kwa maneno tu, kila mninga ulioibwa porini utakuwa na babu. Akikataa kabisa, ataikata mizizi biashara halali. Jibu liko kwenye hesabu inayofanyika kabla ya kuezua. Jengo lina ukubwa unaojulikana. Paa la chumba cha darasa haliwezi kuzaa mbao zaidi ya zilizolishika. Ofisi ya mtendaji wa mtaa au kijiji ikiandikisha jengo likiwa bado limesimama, picha zikapigwa, miguu ya kenchi, mihimili na papi zikahesabiwa na vipimo vyake, hati moja itaweza kusafiri na mzigo, na ofisa wa TFS atalinganisha. Pete nyeusi za misumari, rangi iliyopauka na alama za bati ni ushahidi wa ziada ambao ni vigumu kuughushi kwa wiki moja. Kinachohitajika kutoka TFS ni mwongozo mfupi unaoitaja mbao ya jengo kwa jina lake. Leo fundi mwaminifu anayenunua kenchi ya zamani Namanyere na kuipeleka Sumbawanga hana hakika atakutana na nini njiani, na mashaka hayo peke yake yanatosha kumfanya aikate kuni.

Afya nayo ina sehemu yake. Rangi za miaka ya nyuma zilikuwa na madini ya risasi, na kuzipiga msasa bila kinga ni hatari, hasa watoto wakiwa karibu. Mbao zilizowekwa dawa zile za rangi ya kijani zina shaba, kromiamu na aseniki. Marekani iliacha kuzitumia kwenye ujenzi wa makazi tangu mwisho wa 2003. Na mabati ya saruji yenye asbesto, ambayo bado yamekaa juu ya baadhi ya majengo ya zamani, yanataka watu waliofunzwa kabla kenchi iliyo chini yake haijaguswa. Lakini angalia hoja hii inakotupeleka. Mbao ya dawa ikiingia jikoni, aseniki hubaki kwenye majivu na mengine hupanda na moshi, mahali penyewe ambapo mama na mtoto wameketi. Kwa mbao za aina hiyo, kuni ndiyo njia mbaya kupita zote. Ujerumani ilitunga kanuni ya mbao chakavu mwaka 2002 ikazigawa katika madaraja manne, kutoka mbao tupu isiyoguswa na kemikali mpaka iliyowekwa dawa, kila daraja na ruhusa zake. Sisi hatuhitaji maabara kuanza. Mbao tupu zikae upande wake, za rangi upande wake, za kijani zisiwe kuni wala meza ya kulia chakula, zibaki nguzo za uzio. Fundi yeyote anaweza kuzitenga kwa macho.

Pingamizi lililobaki ni aibu. Watu wengi huona mbao ya zamani ni ya maskini, na mwenye nyumba mpya hataki kuambiwa fremu zake zimetoka kwenye godauni. Aibu hii ni ya hapa na ya juzi tu. Lamu na Zanzibar, mafundi hununua majahazi yaliyokufa na kutengeneza kwa mbao zake meza na vitanda ambavyo mahoteli huvigombea, na matundu ya misumari huachwa makusudi yaonekane. Japani, hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa 2013, na nguzo na mbao zake hugawiwa mahekalu mengine ambayo huzipokea kwa heshima. Sheria yetu wenyewe ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda mlango wa mbao au fremu yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Tulikubali zamani, basi, kwamba kipande cha mbao kilichotoka kwenye jengo kinaweza kuwa mali ya kulindwa. Ulinzi huo uliishia kwenye nakshi za mwambao, kwa Bagamoyo na Kilwa na Pangani, na kazi ya seremala wa bara, aliyekata viungo vya kenchi vinavyokaa bila kuyumba miaka 60 na hakuchonga ua hata moja, haikuonwa. Sisemi kila kenchi iwe mali ya kale. Nasema seremala yule alifanya kazi nzuri, na heshima ndogo tunayoweza kumpa ni kutoivunja kwa nyundo kabla hatujaitazama.

Mbao hizi zinahitaji yadi ya kuzikusanya na kuzitengeneza, nami napendekeza iwe Mollo. Kwa nini Mollo? Kwa sababu vitu vyote vinavyotakiwa viko karibu. Gereza la Mollo linajulikana kwa kilimo, lina ardhi na lina watu. Jeshi la Magereza lina uzoefu wa useremala wa miaka mingi, kiwanda chake cha Ukonga kikiwa mfano, na shirika lake la uzalishaji limekuwapo kisheria tangu 1974. Chuo cha ufundi cha VETA kiko Sumbawanga, na shirika la viwanda vidogo, SIDO, nalo lipo. Mbao zinazotoka kwenye majengo ya umma, madarasa, zahanati, nyumba za walimu, ofisi za kata, zikikusanywa mahali pamoja, mfungwa anayejifunza kung'oa msumari, kuranda na kuunga fremu atatoka na ufundi ambao soko lake liko nje ya lango, na shule iliyotoa kenchi itarudishiwa madawati. Anayepinga atasema kazi ya wafungwa itawaharibia mafundi wa mjini biashara. Kwa bidhaa za kuuza angekuwa na haki, na ndiyo sababu napendekeza yadi hiyo itengeneze vifaa vya taasisi za umma tu, na mbao zitakazozidi ziuzwe kwa mafundi wa mjini kwa mnada wa wazi, zikiwa zimetolewa misumari na kupangwa kwa daraja.

Hatua ya kwanza iko ndani ya uwezo wa baraza la madiwani bila kusubiri Dodoma. Halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi. Fomu ya kibali iulize kama kuna jengo litakaloondolewa, lina mbao za aina gani na zinakwenda wapi. Kwa majengo yake yenyewe, mhandisi aandike kwenye makadirio ya kazi kifungu cha kuezua kwa kuokoa mbao, chenye malipo kwa kipande, tofauti na kifungu cha kubomoa. Mali ya umma haigawiwi ovyo, kwa hiyo mbao hizo ziingizwe kwenye daftari la mali siku zinaposhuka, kwa idadi na vipimo, kama yanavyoingizwa mabati. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, mvua za Ufipa huanza Novemba, na mbao iliyolala juu ya udongo mtupu ikanyeshewa wiki mbili hurudi kuwa chakula cha mchwa. Basi banda la kuzitunzia litangulie kabla paa la kwanza halijaguswa: nguzo, bati kuukuu juu yake, pande zote wazi upepo upite, na mawe ya kuinulia mbao angalau nchi 12 kutoka chini, na vipande vyembamba vya ubao kati ya safu na safu.